Marafiki wa simu wakikutana uso kwa uso

Siku hizi kuna aina ya urafiki ambayo mama zetu hawakuijua. Kuna mtu anayejua kwamba mtoto wako wa tatu ameota meno, kwamba bwana wako amekaa miezi mine bila mshahara, na kwamba juzi uliunguza sombe. Anakuuliza hali kila jioni. Lakini mtu huyo hujamwona hata siku moja. Mukipitana katika soko la Kadutu hamutasalimiana, kwa sababu hakuna anayejua sura ya mwenzake.

Ni urafiki uliozaliwa ndani ya simu. Wengi kati yetu tuko katika kikundi kimoja au viwili vya WhatsApp: wazazi wa darasa, wamama wa likelemba, wauzaji wa vitenge, watu wa ukoo waliotawanyika. Kikundi kikidumu, siku moja lazima mtu aulize: "Sasa tutaonana lini?"

Makala haya ni juu ya swali hilo. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1966. Munaweza kujiuliza karamu ya marafiki wa simu inahusu nini na siku hiyo. Katika kikundi chetu inahusu sana, na mama aliye katikati ya habari hii ameniruhusu niieleze. Alisema: "Andika, mwalimu. Labda kuna mwingine anayekaa kama nilivyokaa mimi."

Namna kikundi kilivyoanza

Masomo yote ya inchi yetu yalifungwa tarehe 19 Machi 2020, juu ya ugonjwa wa korona. Mimi nilikuwa na darasa la nne la msingi. Wazazi wachache walinipigia simu: "Mwalimu, watoto wanakaa bure, tufanye nini?" Nikaanza kuwatumia kazi ndogo: hesabu tano, imla ya mistari mitatu, swali moja juu ya mimea. Ili nisitumie ujumbe ule ule mara ishirini, mama mmoja alifungua kikundi.

Mama huyo ana dada Goma, akamwingiza. Mwingine ana shemeji Uvira, mwingine mama mkwe Idjwi. Masomo yalipofunguliwa tena kikundi hakikufa. Tulikuwa tumefika wamama 43, na hesabu za watoto zilikuwa zimegeuka kuwa mazungumzo ya nyumba nzima: kikohozi, bei ya makala, kijana asiyetaka kusoma, mkwe anayependa kulaumu.

Kwa sababu kulikuwa na wamama wengi wenye watoto wa jina moja, tulizoea kuitana kwa mahali: Mama Bagira, Mama Panzi, Mama Uvira, Mama Himbi wa Goma. Na alikuwako Mama Kadutu, muuzaji wa sambaza.

Huyu Mama Kadutu alikuwa na tabia moja. Hakuandika kamwe. Yeye alituma sauti tu, na nyuma ya sauti yake ulisikia soko zima: wabeba mizigo, pikipiki, wanunuzi wakipunguza bei. Mtoto wa mtu akiwa na homa, yeye ndiye wa kwanza kuuliza: "Umemnywesha maji? Umempeleka kwa muganga? Usingoje asubuhi." Tulimpenda. Wengine walifikiri ni muuguzi wa zamani. Wengine walisema hana wakati wa kuandika juu ya biashara yake.

Volkeno ilikutanisha wawili wa kwanza

Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka. Wale wenye umri walikumbuka mara moja Januari 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji wa Goma. Safari hii lava ilisimama karibu na kiwanja cha ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi, na tarehe 27 Mei wakuu wakaamuru watu wa sehemu kubwa ya mji waondoke. Munakumbuka picha zile. Wengine walienda Sake, wengine Rwanda, wengine walipanda boti kuja Bukavu.

Asubuhi ile Mama Himbi aliandika katika kikundi: "Niko na watoto wane na mama yangu mzee. Tunaelekea bandari. Bukavu sina mtu."

Sisi sote tulisoma. Wengi tuliandika maneno ya kumtia moyo. Mama Kadutu alituma sauti ya sekunde sita: "Kuja, dada. Nyumba ni ndogo, lakini mulango uko."

Lakini watajuana namna gani bandarini, katika watu wale wote? Mama Kadutu alitoa alama zake: kitenge cha njano chenye ndege, na ndoo ya bluu kichwani. Mama Himbi ametueleza kwamba boti ilipofika aliona vichwa vingi na vilio vingi, lakini ndoo ya bluu ilikuwa moja. Alimwendea na kuuliza, "Ni weye?" Akajibiwa, "Ni miye. Lete mtoto huyo mudogo nikubebee."

Watu sita waliingia katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu watano. Walikaa pale siku kumi na tatu, hata baada ya tangazo la 7 Juni kwamba watu wa Goma wataanza kurudi polepole. Walilala kwa zamu kwenye mikeka. Hakuna aliyewalipa, na Mama Kadutu hakulitaja jambo hili katika kikundi hata mara moja. Tulilijua kwa kinywa cha mgeni wake.

Weka habari hiyo moyoni, kwa sababu miezi kumi baadaye kikundi hiki hiki kilikaribia kumfukuza mama huyo.

Mchango ulioleta ugomvi

Mwanzoni mwa mwaka wa 2022 lile swali likaulizwa: "Tutaonana lini?" Wote tulifurahi. Tukachagua siku ya posho iliyofuata 8 Machi, katika parseli ya Mama Bagira, kwa sababu ana kiwanja kipana na hema.

Kisha hesabu zikaanza. Kitenge cha namna moja kwa wote. Kushona. Viti vya kukodi, mbuzi wawili, vinywaji, mpiga picha, keki. Jumla: dola 25 kwa kila mama, mbali na safari. Ujumbe huo ulikuwa mrefu, nusu Kifaransa nusu Kiswahili, na uliandikwa saa tano ya usiku.

Wamama, dola 25 ni nini? Kwa mmoja ni pesa ya siku ya yenga. Kwa mwingine ni sare za watoto wawili pamoja na madaftari. Kwa mwingine ni mtaji wake wote wa sambaza, ule anaopeleka bandarini alfajiri na kuurudisha jioni ukiwa na faida ya chakula tu.

Kati ya wamama 43, walijibu 19. Wengine walinyamaza. Na hapo simu inaonyesha ubaya wake. Ukikaa na mtu chini ya mti akanyamaza, unaona uso wake. Unaona ameinamisha kichwa, unajua ana shida. Katika simu kunyamaza hakuna uso. Kila mtu anajaza mwenyewe sababu anayoitaka, na mara nyingi anajaza ile mbaya.

Mtunza pesa wetu, ambaye ni mtu wa haki na aliyetaka tu kazi iende, aliweka orodha: majina ya waliolipa juu, majina ya wasiolipa chini. Siku iliyofuata mtu akaandika: "Wengine wanapenda kula bila kutoa." Mwingine akataja jina waziwazi: Mama Kadutu. Amesoma ujumbe wote, alama za bluu zinaonekana, hajibu. Anajiona nani? Atoshwe katika kikundi.

Mama Uvira ndiye mkubwa wetu. Ana zaidi ya miaka sitini, na mwezi wa ine 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira usiku, alipoteza nyumba yake. Huandika kidogo sana. Siku ile alituma sauti, na nimeihifadhi:

"Wanangu, mimi nilipokosa nyumba, hakuna aliyeniuliza mchango kabla ya kunipa sahani. Karamu isiyoweza kumpokea mwenye mkono mtupu ni biashara. Kama ni biashara, museme, mimi nibaki kwangu."

Kikundi kilikaa kimya saa nzima. Kisha watu wakaanza kuzungumza vizuri. Tukatosha kitenge cha namna moja: kila mtu avae kile alicho nacho. Tukatosha keki na mpiga picha. Tukakubaliana kila mama alete kitu ambacho nyumba yake au kijiji chake kinacho. Wenye mshahara, wale waliotaka na kwa siri, walisaidia safari za wanaotoka mbali. Na tuliandika kanuni moja ambayo nawashauri wote wenye MUSO: kisanduku chekundu, kile cha msaada wa ugonjwa na msiba, hakiguswi kwa ajili ya karamu, hata kwa mkopo wa siku mbili.

Siku yenyewe

Walikuja wamama 29. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, lakini hema la Mama Bagira lilishika. Idjwi ilileta nanasi. Uvira ilileta ndagala. Wamama wa Goma walileta jibini ya Masisi na viazi. Kabare na Walungu zilileta ndizi na maharagi. Bukavu ilipika sombe, wali, bugali na mbuzi mmoja, si wawili, na aliwatosha wote.

Jambo la kwanza tulilojifunza: katika simu tunajuana kwa sauti kuliko kwa sura. Picha tunazoweka ni za watoto wetu, au maua, au sisi wenyewe miaka kumi iliyopita. Wamama walikuwa wanaingia mlangoni na kusimama kama wageni, macho chini. Kisha mmoja anasema "Hamujambo humu," na kona nzima inapiga kelele: "Ni Mama Panzi!"

Tulicheka sana kwa yale tuliyokuwa tumewaza. Mama tuliyemheshimu kama bibi mzee, kwa sababu ya shauri zake juu ya ndoa, kumbe ana miaka 26. Yule ambaye katika simu ni vicheko tu ni mtu wa aibu. Alikaa kando na kuosha sahani mpaka tulipomvuta. Na yule tuliyemwogopa kwa maneno makali ndiye aliyetukumbatia mmoja mmoja, akilia. Maneno yaliyoandikwa hayana macho wala mkono begani. Mtu mpole anaweza kuonekana mkali, na mwenye huzuni anaweza kuonekana mwenye furaha.

Mama Kadutu alikuja. Alivaa kitenge chake cha njano chenye ndege. Alileta beseni la sambaza za kukaanga na binti wake wa miaka kumi na miwili.

Ili tujuane vizuri, tulikuwa tumeandaa vikaratasi na kalamu: kila mtu aandike jina lake la kikundi na kulibandika kifuani. Foleni ilienda. Mama Kadutu alipofika mezani, alimpa binti kikaratasi. Mama mmoja, kwa mzaha tu, akasema: "Ah, yaya, andika mwenyewe! Tunataka hatimaye tuone mwandiko wako!"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikishika kile kikaratasi, akatuangalia, akasema kwa sauti ile tunayoijua wote:

"Mimi sikusoma. Baba alisomesha wavulana. Binti wangu ndiye macho yangu."

Mvua ilisikika juu ya hema. Kisha akaendelea, bila hasira: mwezi wa kwanza na wa pili binti alikuwa Walungu kwa nyanya yake mgonjwa. Simu ilibaki, lakini hakuna wa kuisoma. Alifungua kila ujumbe, ndiyo maana alama zilikuwa za bluu, akaona maandishi marefu, akafunga. Aliona aibu kumpa jirani simu amsomee mambo ya kikundi. Binti aliporudi na kumsomea yote kwa mpango, akafika kwenye ile "atoshwe", mtoto alilia. Mama akamwambia: "Usilie, hawajui."

Yule aliyekuwa ameandika "atoshwe" alikuwa amekaa pale pale. Sitasema ni nani, na halina maana tena. Alisimama, akaenda kupiga magoti mbele yake. Mama Kadutu akamwinua kabla magoti hayajafika chini.

Ndipo Mama Himbi wa Goma akaongea. Alikuwa amekaa siku kumi na tatu katika nyumba ile, yeye alijua. Mtu akamuuliza kwa nini hakutuambia wakati ugomvi ulipokuwa mkali. Alijibu: "Niliwaandikia mumwache, ni mtu mwema. Lakini ile siri haikuwa yangu. Mtu akikuingiza nyumbani mwake, unachokiona ndani kinabaki ndani."

Kisha mama mwingine, wa Bagira, akasema polepole: "Na mimi pia. Nasoma herufi kubwa tu." Na wa tatu. Kabla ya chakula walikuwa wane. Miaka miwili tulikuwa pamoja, tukitumiana maandishi kila siku, na wane kati yetu walikuwa nje ya mlango.

Mambo tuliyobadili

Tulikula, tukaimba, tukacheza mpaka jioni. Lakini tuliporudi nyumbani kikundi hakikuwa kile cha zamani.

Kwanza, habari ya maana sasa inatumwa kwa sauti, kwa Kiswahili, chini ya dakika moja, kisha kwa maandishi mafupi. Pesa, tarehe, mahali: vyote vinasemwa.

Pili, orodha ya wasiolipa haiwekwi tena mbele ya watu. Mtunza pesa anampigia mtu mwenyewe. Yeye ndiye aliyependekeza kanuni hii.

Tatu, mtu akinyamaza majuma mawili, mmoja anampigia simu, au anapita kwake kama ni jirani. Kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kumhukumu.

Nne, kila siku ya posho saa tisa, baada ya soko, wamama wane wanakuja kwenye baraza la nyumba yangu na tunajifunza. Nataka kueleza kidogo namna tunavyofanya, kwa sababu kikundi chochote kinaweza kufanya hivyo hivyo kikiwa na mtu mmoja anayejua kusoma, ubao mdogo na chaki.

Hatuanzi na a, e, i, o, u kama watoto. Mtu mzima amechoka na ana sababu yake ya kujifunza, basi tunaanza na sababu hiyo. Neno la kwanza la kila mama lilikuwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tunaliandika, tunalikata katika silabi, tunatafuta silabi hizo katika maneno mengine. "Sambaza" ina sa, mba na za. Kwa hizo tatu tayari unapata "saba", maana "mba" ukiitosha "m" inabaki "ba". Kiswahili ni chepesi katika jambo hili, kwa sababu kinaandikwa jinsi kinavyosemwa. Juma la sita tuliingia katika simu: jina la nani hili? Ujumbe huu wa pesa unasema umepokea ngapi? Hapo wamama wanakuwa wakali sana katika kusoma, kwa sababu ni pesa yao.

Mwezi wa nane, jioni moja, ujumbe ulitokea katika kikundi kutoka kwa Mama Kadutu. Haukuwa wa sauti. Uliandikwa: "Sambaza iko. Bei ni ile ile." Simu zilikaribia kupasuka kwa pongezi. Siku ile aliuza beseni lote.

Na niseme neno juu ya yule binti, kwa sababu mimi ni mwalimu na nafikiri juu ya watoto. Mtoto anayemsomea mama anamfanyia kazi njema, na tusimdharau. Lakini anasoma pia madeni, ugomvi, matokeo ya hospitali, maneno ya watu wakubwa. Anabeba mzigo ambao si wa umri wake. Mama anapojifunza kusoma, binti naye anapata kupumzika. Huyu wetu sasa anakuja na mama yake siku ya posho, anakaa kando na kufanya kazi zake za masomo. Hachungulii tena simu.

Kama kikundi chenu kinataka kukutana

Wamama wengi wananiuliza kama ni vizuri kukutana na watu wa simu. Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa akili. Chukueni haya:

Muhakikishe mtu ni nani. Kabla ya siku yenyewe, ongeeni naye kwa sauti au kwa picha ya moja kwa moja. Ni vizuri zaidi kama kuna mmoja kati yenu anayemjua kwa ukoo, kanisa, muskiti au kazi. Asiyekubali kamwe kusikika wala kuonekana, muache.

Mahali pawe wazi na saa iwe ya mchana. Asiende mtu peke yake kwa mtu asiyemjua. Wa nyumbani kwako wajue unakwenda wapi, kwa nani, na utarudi saa ngapi. Bwana wako akiwa na wasiwasi juu ya "marafiki wa simu", usimfiche. Mpe aongee na mmoja wa wenzako. Aliyesikia sauti ya mama wa watu anatulia.

Usitume pesa kwa namba ya mtu usiyemjua. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinasaidia sana, lakini pesa ikishaondoka ni vigumu kuirudisha. Mchango ushikwe na watu wawili, na hesabu isomwe kwa sauti siku ya karamu.

Mupime mchango kwa nguvu za aliye mdogo. Ulizeni kwanza, kila mtu kwa siri, anaweza kutoa nini. Kitu cha shamba au kazi ya mikono kihesabiwe kama pesa.

Muulize kabla ya kutuma picha. Si kila mama anataka sura yake, nguo yake au mtoto wake azunguke mji mzima. Sisi tulipiga picha moja ya wote, na waliotaka kukaa nje ya picha walikaa nje.

Mukifika, gawanyeni kazi. Asiwepo bibi wa meza na mtumishi wa jiko. Kuosha sahani pamoja kunafungua midomo kuliko hotuba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kikundi chetu cha simu, nani amenyamaza? Tunajua sababu, au tumejijazia wenyewe?
2. Habari zetu za pesa na mikutano zinamfikia asiyesoma? Kwa njia gani?
3. Mchango wetu wa mwisho ulimzuia nani kuja?
4. Kati yetu nani anaweza kufundisha wengine saa moja kwa juma? Ubao na chaki vitatoka wapi?

Swali la nne msilijibu haraka. Liulizeni mbele ya wote, kisha ngojeni. Kwa kawaida anayeweza kufundisha hunyamaza kwanza, na anayetaka kujifunza hunyamaza zaidi. Mkutano wetu wa pili ulipangwa kuwa Uvira mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule wa 2022, kwa Mama Uvira. Hakukuwa na mchango uliopangwa. Tulikubaliana kila mtu alete kitu, na barua za mwaliko ziandikwe na wale wamama wane kwa mikono yao.